Doa Kwenye Meza ya Mzee Abrahamu

Watu wa Njombe tunapenda vitambaa, tusidanganyane. Ingia sebule yoyote utakuta kochi limevikwa kitambaa, televisheni imevikwa kitambaa, na meza ina kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kitambaa kingine. Mgeni atasema huo ni urembo. Oktavia haamini habari za urembo. Akikaribishwa kwa mtu, hata salamu hazijaisha, mkono wake umeshashika pindo na kuliinua, na hapo chini anakuta pete nyeupe ya kikombe cha chai, au alama ya pasi, au michoro ya mtoto aliyepewa uma akaachwa peke yake. Mwenye nyumba anaona aibu kama aliyefumaniwa. Oktavia anacheka.

"Usijali, mama. Nimeona makubwa kuliko haya, tena kwa watu wanaojiita wakubwa."

Hiyo ndiyo kazi yake, kuondoa mikwaruzo na madoa kwenye mbao. Ukimwita seremala atakusahihisha papo hapo. "Seremala anatengeneza. Mimi nabembeleza kilichokwisha kutengenezwa." Mtaani kwao, Ramadhani, wanamwita Mama Msasa, na amelipokea jina hilo kwa mikono miwili. Vifaa vyake vyote vinaingia kwenye ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko: misasa ya kukwaruza na ya kulainisha, kopo la nta ya nyuki, vanishi, brashi mbili, matambara ya fulana kuukuu, na malimau ambayo kila mtu humuuliza ni ya nini. Mume wake Romanus, mkulima wa viazi, huiita ile ndoo "mume mwenzangu", maana ndiyo anayotoka nayo asubuhi na kurudi nayo jioni.

Ufundi wenyewe aliupata kwa magoti. Alipomaliza darasa la saba alichukuliwa kufanya kazi kwa masista wa misheni, kwenye nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao kutoka mlangoni hadi jikoni. Sista Emilia, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, alimfundisha kusugua kwa kufuata mistari ya mbao na si kuikata, na alimpiga vidole kwa mpini wa brashi kila aliposahau. Alimfundisha pia kusoma madoa. Doa jeupe limekaa kwenye vanishi tu, utalitoa kwa kitambaa na pasi ya uvuguvugu. Doa jeusi limeshaingia kwenye mti wenyewe, na hapo usikimbilie kusugua, kaa chini ujiulize limeingiaje. Miaka thelathini na kitu imepita, na Oktavia bado anakaa chini na kujiuliza.

Kama ana ugonjwa, basi ni ugonjwa wa kipaza sauti. Mpe kipaza sauti uone! Akina mama wa Njombe walishaujua udhaifu huo, wakawa wanamwalika kwenye kicheni pati kumfundisha bibi harusi namna ya kutunza vyombo vya nyumba. Wengine wanafundisha mapishi, wengine wanafundisha mambo ya chumbani, Oktavia anafundisha meza na makabati, na ukumbi mzima unacheka mpaka watu wanajifuta machozi. Alikuwa anajivunia jambo hilo kuliko kazi yenyewe. Tusimlaumu, kila mtu ana kitu chake.

Basi, mwaka huu mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza kweli kweli, simu ikalia. Mwanamke wa Makambako, jina lake Lidia, mjane. Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea huku akitazama mlangoni.

"Nina meza yenye doa. Nimeambiwa wewe ndiye fundi. Nakuomba uje Jumamosi asubuhi, mama, tafadhali, usije mchana. Saa nane nina wageni."

"Wageni wa harusi?"

"Ingekuwa harusi nisingekuwa nalia," akasema Lidia, akakata simu.

Jumamosi hiyo, saa tatu kasoro, Oktavia alishuka Makambako na ndoo yake, upepo wa pale ukampokea kwa kumvua kilemba. Akakikimbiza hadi kwenye mtaro, akakikung'uta, akaenda zake kupiga hodi.

"Kamwene," akamsalimu Lidia mlangoni, mama mrefu aliyekonda, ushungi mweusi kichwani. Ndani palikuwa pasafi pa kuogopesha. Katikati ya sebule ilisimama meza ya watu wanane, ya mbao za mlingoti, ule mkaratusi, nene, miguu imenyooka. Juu yake vitambaa viwili.

"Inua mwenyewe," Lidia akasema. "Mimi siwezi."

Oktavia akainua. Kwenye ncha moja ya meza, upande wa dirishani, palikuwa na doa jeusi la urefu wa mkono, kingo zake zikielekea ubluu. Hakuwa ameona doa kubwa namna ile kwenye meza inayotunzwa vizuri namna ile.

"Lilianza lini?"

"Machi. Lilikuwa dogo kama sarafu. Tunalisafisha kila Jumamosi, na kila tukilisafisha linakua." Lidia akaketi kwenye kochi, mbali na meza. "Meza hii aliichonga marehemu mume wangu, Abrahamu, mwaka tuliohamia nyumba hii. Januari alipofariki, jeneza lake liliwekwa hapo juu. Kichwa kilikuwa upande huo. Palepale unapoona peusi."

Oktavia akasema pole. Alikuwa na swali lake la kila siku, akaliuliza: meza inasafishwa kwa kitu gani? Lidia akajibu, maji na sabuni tu, mkwe wangu ndiye anayesafisha, tena kwa bidii sana. Oktavia akakuna shingo. Maji na sabuni havileti weusi wa namna ile. Alianza kukagua mbao kwa kidole, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia mzee wa suti ya kijivu, kofia mkononi.

Huyo ndiye Ezekieli, mdogo wake marehemu, mzee wa kanisa, mtu ambaye sala yake ya kufungulia kikao ni ndefu kuliko kikao. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Alimpenda kaka yake, na tangu mazishi alikuwa hajui ayaweke wapi majonzi yake. Bahati mbaya akapata pa kuyaweka.

"Fundi, usijichoshe," akasema. "Hilo siyo doa la kufuta. Mimi nimehesabu. Oktoba mwaka jana binti kaingia nyumba hii kama mke wa kijana wetu Nathanieli. Januari kaka yangu kafa. Machi meza aliyolazwa inaanza kuwa nyeusi, tena kichwani pake. Hesabu hizo zinahitaji mwalimu?"

"Shemeji," Lidia akasema kwa sauti ya chini.

"Nasema ukweli. Kuna watu wana mguu mzuri na kuna watu wana mguu mbaya. Simchukii binti. Arudi kwao Mdandu kwa muda, tuombe, tutafakari. Wazazi wake nimeshawaita, saa nane watakuwa hapa kumchukua."

"Na mume wake anasemaje?" Oktavia akauliza, ingawa hayamhusu.

"Nathanieli yuko na lori Tunduma. Anasema tumsubiri. Vijana wa leo kila kitu subiri, subiri."

Kumbe ndiyo maana! Oktavia sasa akaelewa sauti ile ya kwenye simu. Mjane alikuwa anatumaini kwamba doa likitoka kabla ya saa nane, maneno nayo yatatoka. Na kama halitoki, binti wa watu atafungasha nguo zake. Mtu ukirudishwa kwenu kwa "muda" kwa sababu ya mguu mbaya, nani asiyejua huo muda unavyokuwa mrefu? Kijiji kizima kitasikia. Hata ukirudi kwa mumeo, kuku akifa utaulizwa wewe.

Yule mkwe akaingia na sinia la chai. Binti wa miaka ishirini na mbili hivi, amejifunga kitenge, macho yamevimba. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Anneth."

Alimtazama Oktavia kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, kama mtu anayengoja jambo, kisha akainuka akarudi jikoni. Oktavia hakutia maanani. Alikuwa anawaza mbao.

Alirudi kwenye meza, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Vanishi ilikuwa imekwisha kabisa kwenye lile doa, imeliwa, na kulizunguka ilikuwa imechoka. Na kulikuwa na vimikwaruzo vyembamba, vingi mno, vimekwenda kila upande. Siyo vya tambara wala vya brashi. Akasema anaomba maji ya moto, akaenda kuyafuata mwenyewe jikoni.

Anneth alikuwa amechuchumaa karibu na jiko la mkaa. Pembeni ya karai, kwenye kisahani, ilikaa stilwaya, ule uzi wa chuma wa kusugulia masufuria, imelowa, imeshika kutu nyekundu.

"Hii ndiyo unayosafishia meza?"

"Ndiyo, mama. Kila Jumamosi, na maji na sabuni."

"Nani alikwambia meza ya mbao inasuguliwa kwa stilwaya na maji?"

Binti alikuwa anazungusha pindo la kitenge kwenye kidole.

"Si wewe, mama," akasema mwishowe, taratibu, bila lawama yoyote. "Siku ya kicheni pati yangu, pale ukumbini Ramadhani. Ulinipa stilwaya imefungwa utepe mwekundu, ukasema, 'Bibi harusi, meza ya mbao haiogopi hii, sugua mpaka mama mkwe ajione sura yake.' Ile ya utepe iliisha. Nanunua nyingine, ikiisha nanunua nyingine. Lakini nadhani nakosea mahali, maana doa linakua tu. Ndiyo nikampa mama namba yako. Nilijua wewe utaniambia ninapokosea."

Oktavia akashika ukingo wa dirisha. Hakuwa amemtambua! Siku ile bibi harusi alikuwa na kope ndefu kama fagio na uso uliopakwa hadi umekuwa wa mtu mwingine. Na maneno yale aliyakumbuka neno kwa neno, maana ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Alichokuwa amebakiza kusema kilikuwa hiki: kwamba stilwaya ni ile laini kabisa, kwamba mbao iwe kavu, kwamba unatumia nta na hutumii maji hata tone, na kwamba ukimaliza unafuta unga wote wa chuma. Alikuwa anavuta pumzi ayaseme. Mshereheshaji akamnyang'anya kipaza sauti: "Muda, Mama Msasa, muda! Keki inasubiri!" Na yeye, badala ya kumfuata bibi harusi pembeni ammalizie, alikwenda kuketi akipigiwa makofi. Makofi yalikuwa matamu, akasahau.

Sasa yote yakajipanga. Stilwaya ilikula vanishi kidogo kidogo tangu Oktoba. Ilipofika kwenye mti mtupu, chuma na maji vikakutana na mlingoti, na mlingoti una ukali wake ndani, ule ule unaofanya chai iwe chungu ukiiacha kwenye majani. Vikikutana vinatoa weusi. Lakini kwa nini pale kichwani?

"Anneth, pale kwenye doa, mlipoweka jeneza, palimwagika nini?"

"Mishumaa, mama. Walisimamisha mishumaa miwili kichwani kwa baba, nta ikadondoka mezani, ikagoma kutoka. Nikapasugua sana. Nilitaka meza ya baba iwe safi."

Masikini mtoto wa watu! Heshima yake yote kwa marehemu ndiyo iliyogeuzwa ushahidi wa kumfukuzia.

Shetani naye ni mwepesi, alifika kabla hata maji hayajachemka. Akamnong'oneza Oktavia: una malimau kwenye ndoo. Paka limau, doa litafifia, utaonekana malaika, urudi zako Njombe. Hakuna anayejua isipokuwa binti huyu, na binti mwenyewe hajui anachokijua. Ukisema, habari itafika Ramadhani kabla yako. Nani tena atakualika ukumbini? Nani atakuachia kabati lake la mninga? Wataanza kusema, fundi wa madoa kumbe ndiye mleta madoa.

Akakaa na wazo hilo kwa muda wa kumimina maji kwenye birika, sitamsingizia kwamba hakukaa nalo. Kisha akasikia Ezekieli kule sebuleni akisema kwa sauti, "Hata likitoka leo, litarudi. Lililo rohoni halifutwi kwa tambara." Hapo ndipo alipoona kwamba limau peke yake halitoshi. Doa lingetoka na binti angeondoka vilevile. Hasira ikampanda, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Anneth, tengeneza chai ya rangi, nzito, bila sukari. Vikombe viwili. Uje na hiyo stilwaya."

Akaweka vikombe vyote viwili juu ya meza, mbele ya Ezekieli. Kimoja akakiacha. Kwenye cha pili akatumbukiza ile stilwaya yenye kutu.

"Tuangalie," akasema.

"Tuangalie nini?" Ezekieli akauliza. "Siku hizi mambo ya ukoo yanaamuliwa na chai?"

"Mzee wangu, umehesabu tangu Oktoba. Mimi nihesabie dakika ishirini tu."

Wakakaa. Kwa dakika tano za kwanza chai ilikuwa chai. Ezekieli akatazama saa yake, akatazama dari. Dakika kumi, Oktavia akaanza kutoka jasho na baridi yote ile, akawaza, je, kama majani haya ni hafifu? Akakoroga kwa kijiko. Lidia ndiye aliyeona wa kwanza. Alitoka kwenye kochi bila kujua ametoka, akasogea.

"Inabadilika."

Ilikuwa inabadilika kweli. Kwanza ikapoteza wekundu, kisha ikawa ya kijivu, kisha nyeusi, nyeusi ya wino wa kuandikia, na pembeni ya kikombe kulikuwa na ubluu uleule wa kingo za doa. Kikombe cha kwanza kilibaki chai ya rangi kama kawaida. Oktavia akakata limau, akakamua kwenye ule wino. Akakoroga. Weusi ukaanza kukimbia, ukapauka, chai ikarudi kuwa na rangi ya chai iliyopooza. Ezekieli akavaa miwani.

"Hicho ndicho kilichoko kwenye meza," Oktavia akasema. "Chuma, maji na mti. Hakuna mguu wa mtu hapo. Hata angekuwa malaika Gabrieli anasugua kwa stilwaya ya maji, meza ingekuwa nyeusi. Na pamezidi kichwani kwa sababu nta ya mishumaa ilimwagika pale, na binti akapasugua kuliko kwingine, kwa sababu ya kumheshimu baba mkwe wake."

"Sasa nani alimtuma asugue na chuma?" Ezekieli akauliza kwa ukali. "Hata mtoto anajua..."

"Mimi."

Oktavia akahisi masikio yake yanawaka.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwenye kicheni pati yake, mbele ya wanawake mia na ishirini. Nilisema nusu ya somo, nusu nyingine nikaimeza kwa sababu ya kupigiwa makofi. Yeye alinisikiliza akatii. Kosa lake ni utii. Kama kuna mtu wa kurudishwa kwao leo, nirudisheni mimi Njombe. Nisameheni, mama Nathanieli. Anneth mwanangu, nisamehe. Nimekufanya ulie miezi mitatu kwa mdomo wangu."

Anneth alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. "Kumbe sikukosea," akasema ndani ya kitenge. "Kumbe nilisugua kama nilivyofundishwa tu."

Oktavia alingoja Lidia aseme neno. Alikuwa tayari kwa tusi, alikuwa tayari hata kwa kofi. Lidia akavuta kiti, kiti cha meza ile ambayo hakuwa ameikalia tangu Machi, akaketi.

"Asubuhi aliyofariki aliniomba uji," akasema. "Nikamwambia subiri kidogo uchemke. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshakwenda. Hamjui nilivyoteseka. Doa lilipotokea kichwani pake nikasema, ni mimi. Abrahamu ananidai uji wake. Shemeji alipomtaja Anneth nilinyamaza, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa naogopa mtu asije akanitaja mimi." Akaweka kiganja juu ya lile doa, akakiacha pale. Kisha akacheka, akalia, akacheka tena, huku akijifuta kwa ushungi. "Stilwaya! Jamani, stilwaya!"

Ezekieli alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alitoka uani, akasimama huko na kofia yake, na waliobaki ndani walimsikia akipenga kamasi kwa muda mrefu. Aliporudi aliuliza kitu kimoja tu: "Limau linapakwaje?"

Wakapaka. Mzee wa kanisa alikunja mikono ya shati, akakata malimau, Oktavia akakamua, Anneth akashika tambara. Unapaka, unaacha mti unywe, huku Lidia akiangalia chakula cha wageni jikoni, unafuta, unapaka tena. Meza waliisogeza karibu na dirisha ipate jua kidogo. Mara ya kwanza doa halikushtuka. Mara ya tatu likawa kijivu. Mara ya sita Lidia akapiga kigelegele peke yake, mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kuna nini. Malimau yaliisha, Ezekieli akatumwa sokoni, akaenda mbio na suti yake. Kufikia saa saba palibaki kivuli tu, cha rangi ya asali iliyokolea, anayekijua ndiye anayekiona. Oktavia akasuuza kwa maji safi, akakausha, akapitisha msasa mlaini kwa kufuata mistari, akapaka nta. Vanishi atakuja kuipaka wiki ijayo mbao zikikauka sawasawa. Kila alichofanya alikisema hadi mwisho, na kila alipofika mwisho alimwambia Anneth arudie kwa mdomo wake.

"Sasa nawapigia wale wazazi," Ezekieli akasema, akatoa simu. Akaitazama saa. "Lo! Hawa watu wameshashuka."

Kweli, hodi ikasikika. Mlangoni walisimama mzee Enoki, baba yake Anneth, na mama yake, Teodora, vumbi la Mdandu lingali kwenye viatu. Mzee alikuwa amevaa koti la Jumapili na uso wa mtu aliyekariri maneno njia nzima. Mama alikuwa amekumbatia begi kubwa la nguo, tupu, limekunjwa mara mbili.

Ezekieli akafungua mdomo. Yeye, bingwa wa kufungua vikao, akaishia kuwavutia viti.

"Tumekuja kama tulivyoitwa," mzee Enoki akaanza, sauti ikitetemeka. "Mtoto ni wetu. Kama ameshindwa kwenu, sisi hatu..."

"Mkwe wangu, simama hapo hapo," Lidia akasema. Alimfuata mama yake Anneth, akalichukua lile begi mikononi mwake, akalifungua, akachungulia ndani. "Hili mmelileta la nini?"

Teodora alikuwa anatazama nyuma ya Lidia, kule ambako binti yake alikuwa anapanga sahani kwenye meza, sahani sita, mezani moja kwa moja bila kitambaa, akiwa na macho mekundu na anatabasamu.

"Anneth," Lidia akaita, "njoo uchukue begi la mama yako. Lijaze parachichi, yale makubwa ya nyuma ya nyumba. Likijaa, baba yako mdogo Ezekieli atalibeba hadi kituoni kwa kichwa chake mwenyewe."

"Nitalibeba," Ezekieli akasema.

Mama yake Anneth akaketi palepale kizingitini, akaanza kulia kwa sauti. Lidia akachuchumaa karibu yake, akamshika mkono, akamwambia waingie ndani, chakula kinapoa.